Kuyafuata Mabati ya Ihanda

Vimbunga vya baharini hupewa majina, na watafiti huvikimbilia. Upepo ulioezua nyumba Ihanda haukuwa na jina, kwa hiyo niliufuata mimi. Nina stashahada ya mazingira, niliyojilipia kwa kubeba mizigo Kitwe, Zambia. Tangu nirudi Tunduma, cheti kiko sebuleni kwa anayetaka kukiona.

Asubuhi niliipita foleni ya malori, nikapanda gari la Vwawa, kisha bodaboda. Tulipokaribia, migomba ilikuwa imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, nilitaka kuona.

Ihanda nilipokewa na binamu yangu, Baba Tumaini, na mkewe. Nyumba yao haikuwa na paa, na mti mmoja wa mgrivea ulikuwa umeangukia jiko. Binamu alikwisha kumwita mtu wa msumeno wa mashine akate migrivea yote iliyobaki. Mkewe alikataa, maana kahawa yao yote iko chini ya kivuli cha miti hiyo.

"Miti itatuua," alisema binamu.

"Na njaa itatubembeleza?" akajibu mkewe.

Mchana majirani walianza kuja. Desturi ya pale, aliyeokota bati la mwenzake hulirudisha mwenyewe, naye hupewa togwa. Mtu mwingine angekunywa tu. Mimi nilimwuliza kila mmoja alikolikuta, nikaenda kuchomeka kijiti. Jirani mmoja akanitania kwamba polisi wa mabati amewasili.

Jioni vijiti vilikuwa vimenyooka mstari mmoja kutoka nyumbani hadi bondeni. Nikageuka kutazama upepo ulikotokea. Upande ule hapakuwa na mti, visiki tu.

"Shemeji, miti ya hapa ilikwenda wapi?"

Mama Tumaini akaonyesha juu, pasipo na paa. "Ndiyo iliyokuwa kenchi za paa letu."

Binamu akaenda kuvihesabu vile visiki, kimoja kimoja.

Kesho yake mtu wa msumeno alipofika, binamu alimwonyesha ule mgrivea ulioanguka. "Pasua huu. Iliyosimama iache."

Nilirudi Tunduma nimejifunza kwamba upepo haupigi ovyo. Huingia pale ulipofunguliwa mlango. Kwa gari lililofuata nikatuma miche ya mgrivea, na shemeji akaipanda kwenye lile pengo. Upepo ule bado hauna jina. Mche wa kwanza pale unalo: langu.