Makochi ya Mama Kitana

Mume wa Mama Kitana aliondoka nyumbani kwa sababu ya Kiingereza. Wanaume wengine huondoka kwa sababu ya mwanamke na hukiri hivyo. Huyu alidai amechoka kuishi na mtu asiye na lugha, kana kwamba miaka yote ile alipokuwa akilishwa, akifuliwa na kukandwa mgongo, alihudumiwa na bubu. Akahamia kwa mwalimu wa kike wa Kiingereza, wa masomo ya jioni, ambaye watu wote walimwita Ticha.

Hilo Mama Kitana alilimeza. Lililomkwama kooni ni makochi. Aliyanunua mwenyewe kwa kusuka vichwa vya watu mpaka vidole vikakakamaa, akayaweka saluni wateja wapate pa kukalia. Sasa mume katuma salamu: Jumamosi anakuja kuyachukua. Bila makochi, saluni ingebaki kioo na draya mbili, moja mbovu, na wateja wangehamia kwa jirani.

Jumamosi akaja kweli, kavaa suti, Ticha nyuma yake, mwenye mkokoteni akingoja nje. Kwenye makochi walijaa wateja, rola vichwani, wametulia kama kuku wanaoatamia.

"Jamani, inukeni," mume akasema. "Nimekuja kuchukua seti yangu."

"Seti gani, shemeji?" akauliza mteja mmoja, muuza nyanya. "Mimi yangu iko kichwani, haijakauka."

Ticha akachekea puani. "Hayo ni matumizi mengine. Neno hilo lina maana nyingi sana."

Macho yakamng'aa. Mama Kitana aliyatambua. Ndivyo ya mumewe yalivyong'aa akiona sahani ya nyama. Akavuta kiti cha draya nzima. "Kaa, mwalimu. Tuelimishe sisi mbumbumbu."

Ticha akakaa. Vyombo vikiandaliwa mezani, Mwingereza husema seti. Jua likizama, seti. Saruji ikishika, daktari akiunga mfupa, mtu akitega saa imwamshe, zote seti.

"Na mtu akitoroka na mume wa mwenzake?" akauliza muuza nyanya.

"Hilo halimo."

"Ajabu," muuza nyanya akasema. "Yamo yote, hilo tu ndilo halimo."

"Mpenzi, mkokoteni unangoja," mume akanong'ona.

"Usinikatize nikifundisha."

Ticha alipofika kwenye mapambo ya jukwaani, nayo seti, Mama Kitana alikwishamwosha kichwa na kumfunga rola mpaka kisogoni. Za kisogoni alizikaza zaidi kidogo, hakuona dhambi. Kisha akamshushia draya.

Mwenye mkokoteni akachungulia, akatazama kichwa cha Ticha, akasema hapa leo hakuna safari. Akaenda zake.

"Inuka twende," mume akasema.

"Na rola hizi? Nipite nazo barabarani?" Ticha alijitazama kiooni, akageuza shingo huku na huku. Alijipenda. "Na Jumamosi ijayo nikija nitakaa wapi, sakafuni? Makochi yaache."

"Mimi je, nikae wapi?"

Mama Kitana akamwonyesha draya mbovu. "Pale, baba. Haina moto, haitakudhuru."

Akakaa na suti yake, kichwa ndani ya lile bakuli baridi. Lugha aliyoitafuta kwa udi na uvumba sasa alikuwa nayo tele, maana Ticha alikuwa ameanza neno la pili.