Simu ya Shangazi Yagoma Kustaafu

Wenzake walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale dukani. Kwa miaka tisa alikuwa akiuza simu, na kwa miaka saba kati ya hiyo mfukoni mwake ilikaa simu ileile, yenye ufa konani na betri aliyokwisha kuibadilisha mara mbili. Ilipiga, ilipokea, ilipiga picha. Aitupe kwa kosa gani?

Meneja aliliona kosa. Wanunuzi walikuwa wameadimika. Waliokuja walitaka kubadilishiwa kioo au betri tu, kazi ambayo Meneja hakuitaka dukani, kisha wakaenda zao na simu zao za zamani.

"Watanunuaje, Shangazi, wakati muuzaji mwenyewe anatembea na jeneza mfukoni?" Akampa hadi Ijumaa: aje na toleo jipya, au arudishe sare.

Kumlazimisha mfanyakazi anunue asichokihitaji, ili awashawishi wengine wanunue wasichokihitaji! Huo ni uonevu uliovaa tai, na Shangazi aliujua hivyo.

Jumatano Meneja akaja na dawa yake. "Lipige picha lile ua la mlangoni, moja kwa simu mpya, moja kwa hilo jeneza lako. Tutazitundika ukutani, watu waone tofauti."

Shangazi akapiga, akachapisha, na nyuma ya kila picha akaandika ilikotoka. Meneja hakugeuza hata moja. Alichagua iliyompendeza, akaitundika kulia na kuibandikia kibao cha MPYA.

Ijumaa asubuhi akaingia fundi cherehani wa jirani, mama wa sauti kubwa, simu yake ikizimika kila mara. Meneja akamwongoza hadi ukutani, wateja wengine wakitazama.

"Mama, ona rangi hizi! Na hii ya zamani, si kama imepigwa ndani ya moshi?"

"Kweli, ya kulia inang'aa." Kisha akamgeukia Shangazi. "Mwenzangu, wewe unazishika kutwa. Niambie ukweli, ninunue?"

Neno moja tu, ndiyo, na kazi ingebaki yake. Shangazi akaivuta sare yake ikae sawa, akaibandua picha ya kulia, akamkabidhi mama yule, upande wa nyuma ukiwa juu.

Fundi akasoma kwa sauti: "Simu ya Shangazi, ya miaka saba."

"Jeneza limefufuka!" keshia akapiga yowe, na kicheko kikalipuka.

Meneja aliyasoma maandishi yale mara mbili. "Na mimi mwenyewe ndiye niliyechagua," akanong'ona.

"Una jicho zuri, mwanangu," fundi akamliwaza. "Haya, mnanibadilishia betri, au nivuke barabara? Nina wenzangu sita wenye shida hiihii."

Meneja akautazama mlango, akazitazama simu mpya zilizoshika vumbi kabatini.

"Shangazi, mfungulie mama simu yake. Ukimaliza, andika tangazo: betri zinabadilishwa hapa."

"Na sare?"

"Si umeshaivaa? Ila hilo jeneza lako..."

Simu ikalia mfukoni mwa Shangazi.

"...lipokee basi," akasema Meneja, "lisije likanuna."