Shangazi Mchapaji na Miaka Mitatu Mitupu

Chumba chetu kina mlango mmoja na biashara mbili. Upande wa dirisha ni mimi na cherehani yangu. Upande wa ukutani ni Shangazi na kompyuta yake, printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na kibao alichokiandika mwenyewe: TUNACHAPA WASIFU, BARUA NA MAOMBI YA KAZI. Si shangazi yangu. Nimemzidi miaka minne, lakini mtaa mzima unamwita hivyo, nami nikafuata. Tumekaa humo miaka kumi na saba tukigombania feni.

Kwa wasifu, hakuna aliyemfikia. Wasifu wake ulikuwa kurasa nne kamili. Juu kabisa picha ya mwombaji ndani ya koti, na koti lenyewe ni langu. Watu zaidi ya mia wasiojuana wamepigwa picha wakiwa wamelivaa. Kisha jina la baba, dini, ndoa, idadi ya watoto, shule tangu darasa la kwanza, na mwisho mstari wa kuapa kwamba yote ni kweli. Wa kuapa alikuwa mteja, si yeye.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuiandika popote: mwaka mtupu usionekane. Ukiwa uliacha kazi ukakaa miaka miwili bila nyingine, Shangazi aliivuta ile ya kwanza mpaka ikagusana na ya pili. "Pengo ukiliacha wazi, mwajiri atatia kidole," alisema. Nilimwambia mara nyingi kwamba mficha uchi hazai. Alinijibu kwamba wateja wake wanazaa vizuri tu, wana kazi. Na kweli, huku kwetu hakuna mwajiri aliyewahi kupiga simu kuuliza tarehe.

Binti wa marehemu kaka yake tunamwita Fundi Barafu. Anatengeneza majokofu na vyumba vya baridi. Akitega sikio kwenye kompresa anakuambia imeugua lini. Alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha barafu, akaacha kazi ili amuuguze bibi yake, yaani mama mzazi wa Shangazi, aliyepooza upande mmoja na kisukari juu yake. Miaka mitatu. Bibi alipofariki, kiwandani nafasi ilikwisha kujazwa, na kila alikobisha hodi aliambiwa amekaa nje muda mrefu mno. Akawa mtu wa vibarua, leo friji ya duka hili, kesho hakuna.

Ndipo ikatokea nchi moja ya mbali, ya baridi kali, inataka mafundi sita wa vyumba vya baridi. Nilicheka. Nchi yenyewe friji, fundi wa nini? Fundi Barafu hakucheka. Alikuwa amepita kila mlango hapa mjini, na huu ndio uliobaki. Shangazi akamwandikia wasifu kwa mapenzi yote, kurasa nne, na koti langu.

Ijumaa saa saba mchana simu ya Shangazi iliita. Vidole vyake vilikuwa ndani ya printa vikinasua karatasi, akaipokea kwa kiwiko na kuiweka kwenye spika. Alikuwa wakala anayekusanya maombi. Fundi Barafu alikuwa ameketi kwenye benchi langu na begi lake la vifaa, na sote tulisikia.

"Huu wasifu umeuandika wewe, mama?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Niliwatumia mwongozo. Kule hawataki picha, hawataki dini, hawataki kujua kama ameolewa. Kurasa mbili tu, kazi ya karibuni ianze juu."

"Nitarekebisha sasa hivi."

"Hilo dogo. Nimepiga simu kiwanda cha barafu. Wanasema aliacha miaka mitatu kabla ya tarehe uliyoandika. Kule wakikuta tarehe ya uongo wanamfuta, na mimi naharibikiwa. Saa kumi kamili nafunga orodha. Nileteeni ukweli, na mtu wa kuuthibitisha kwa simu. La sivyo namtoa."

Simu ikakatika. Fundi Barafu alisimama taratibu.

"Shangazi, ulivuta tarehe?"

"Navuta kwa kila mtu."

"Hukuniuliza."

Shangazi alifungua ule wasifu akaanza kufuta. Picha ikaenda, dini ikaenda. Alipofika kwenye jina la baba alisita, maana lilikuwa jina la kaka yake. "Watu gani hawa wasiotaka kujua mtoto ni wa nani?" akasema, kisha akalifuta na kupangusa macho kwa ukingo wa mkono. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Saa nane na nusu kazi zilikuwa zimekaa sawa, ya karibuni juu. Katikati palibaki ile miaka mitatu. Mwongozo ulisema muda usio na ajira uelezwe kwa mistari michache, pamoja na kile mwombaji alichokuwa akifanya.

"Nitaandika alikuwa nyumbani kwa sababu za kifamilia," alisema Shangazi.

"Andika nilimuuguza bibi," alisema Fundi Barafu.

"Kuuguza si kazi, mwanangu. Kila mtu anauguza."

Mimi nina ulimi usiotulia, na siku hiyo sikuuzuia. "Kila mtu?" nikamwambia. "Wewe ulimuuguza?"

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi alinigeukia, uso umemshuka.

"Nilikuwa nauliza," alisema. "Kila asubuhi nikienda kazini nilipita nikauliza, mama anaendeleaje. Si ulikuwa unanijibu hajambo?"

"Ningekujibu nini, Shangazi?" Fundi Barafu hakupandisha sauti. "Uliuliza umesimama mlangoni, mkoba begani. Mtu akikuuliza hivyo, unasema hajambo."

Nani kati yetu hajafanya hivyo? Tunauliza hali ya mgonjwa, tunajibiwa hajambo, tunashukuru, tunaondoka na roho nyeupe. Shangazi aliondoka hivyo miaka mitatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano, na hakuna aliyekuwa anaandika.

"Haya," alisema mwishowe, akavuta kibodi. "Nitajie ulichofanya. Usiseme hajambo."

Fundi Barafu akataja, macho sakafuni. Kumgeuza bibi kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda. Kumlisha kwa kijiko. Kupima sukari, kumchoma sindano. Dawa ya sindano ilitaka ubaridi usiopungua nyuzi mbili wala kuzidi nane, na friji ya nyumbani ilikuwa mbovu, kwa hiyo aliifungua yote akaiunda upya. Akaitia kipimajoto, akakisoma asubuhi na jioni na kuandika.

"Ukaandika wapi?" nikauliza.

Alitoa daftari kwenye begi la vifaa, limelowa grisi pembeni. Kurasa za nyuma alikuwa akiandikia vibarua vyake. Za mbele zilikuwa na tarehe, saa, nyuzi na sukari ya bibi, siku baada ya siku, kwa mwandiko uleule. Shangazi alilifungua, akapekua, akapekua tena. Hakuwahi kuliona. Alipoanza kuchapa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosea herufi.

Saa tisa na dakika arobaini wasifu ulikuwa kurasa mbili, ukiwa na mstari mmoja uliobaki: mtu wa kuthibitisha. Kwa kawaida Shangazi aliweka mwenyekiti wa mtaa, aliyemsifu kila mtu kwa adabu. Nilipomtaja, alitikisa kichwa. Aliandika jina lake mwenyewe, akampigia wakala na kumsomea yote.

"Na wewe mama ni nani kwa huyo mgonjwa?" aliuliza wakala.

"Mtoto wake. Nilibaki peke yangu."

"Ulimwona binti akifanya hayo?"

Fundi Barafu alikuwa ameshika mkanda wa begi kwa mikono yote miwili.

"Sikumwona," alisema Shangazi. "Kazi hiyo ilikuwa yangu, nikamwachia yeye. Mimi nilikuwa hapa nachapa. Lakini mama yangu alilala kitandani miaka mitatu, na siku ya kumwosha kabla ya kuzikwa nilimwosha mimi. Hakuwa na kidonda hata kimoja, mgongoni wala kisiginoni. Hilo nililiona kwa macho yangu, nikanyamaza. Sasa nalithibitisha."

Wakala akasema atumiwe picha za kurasa tatu za daftari, zile za nyuzi, na zifike kabla ya saa kumi. Zilifika dakika nne kabla. Shangazi alipoweka simu mezani, alimshika mtoto wa kaka yake mabegani akamwambia, "Nisamehe." Fundi Barafu alilia, nami nikajitia natunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Jina lake lilikuwa la tano kati ya sita. Aliondoka baada ya miezi miwili, na daftari alimwachia Shangazi, aliyeliomba mwenyewe.

Wiki iliyofuata safari hiyo aliingia dereva mmoja, kashika wasifu wake wa zamani, anataka uongezwe kazi mpya. Aliweka kidole katikati ya karatasi na kusema kwa sauti ya chini, "Hapa kuna miaka miwili mitupu, Shangazi. Niunganishie kama kawaida yako."

Shangazi alimsogezea kiti. Hakugusa kibodi.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Hiyo miaka miwili, ulikuwa unamuuguza nani?"

Yule dereva alikaa.