Mafumbo ya Jumapili Mchana

Dada yangu alifariki Januari, mvua ikiwa imeshika, na baada ya mazishi binti yake akaja kuishi nami mjini, mtaa wa Chang'ombe. Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake hakuwahi kuleta ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu, kwa hiyo hapakuwa na mabishano: mtoto ni wetu, na wajomba wangeamua akae wapi moja kwa moja baada ya mavuno, ukoo utakapokutana kijijini Mlali kumaliza msiba. Nilitaka abaki kwangu. Ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka ule. Mengine yote yalikuwa yamekufa ganzi.

Tuliishi watatu katika vyumba viwili: mimi, yeye, na mdogo wangu wa mwisho, mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mjomba wake ingawa binti ndiye mkubwa kwa umri. Kila asubuhi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Niamkie. Mimi mjomba wako."

Zamani angejibiwa, "Kaoge kwanza, mjomba." Sasa binti alisema tu, "Shikamoo," kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, na mdogo wangu akaitikia "Marahaba" huku akitazama chini.

Binti hakuwa bubu. Alisema ndiyo, hapana, sijui. Shuleni walimu waliacha kumuuliza. Kaka yetu mkubwa alipiga simu kutoka Mlali.

"Mtoto anaongea?"

"Kidogo."

"Mjini kunamnyamazisha. Akija kwenye kikao hivyo, tutamwacha huku kwa bibi yake."

Sikujua kubembeleza. Mimi naandika riwaya, na ili tule nasahihisha tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga. Ninachokijua ni kuficha jambo ndani ya maneno na kumwachia msomaji mlango mdogo. Basi nikaanza kutunga mafumbo ya upelelezi. Jumapili, tukitoka kanisani na kula, niliwasomea ukurasa mmoja: kosa dogo, washukiwa watatu, na humo ndani maneno magumu machache. Hairuhusiwi kufungua kamusi. Maana itafutwe kwa majirani wa neno. Na hakuna jibu linalopokelewa bila sababu.

"Ghiliba," mdogo wangu alisema Jumapili ya kwanza, "ni ugonjwa wa mbuzi."

"Sababu?"

"Linasikika kama linakohoa."

Mshukiwa wake alikuwa yule yule kila wiki. Uwele umeibwa ghalani: mwenyekiti wa mtaa. Kuku hayupo: mwenyekiti wa mtaa. Binti alikaa na macho yake sakafuni, nami niliendelea kusoma kwa sababu kuacha kungehitaji nguvu zaidi.

Karibu na Pasaka nikaleta fumbo la zabibu. Mwenye shamba anaamka Agosti alfajiri, anakuta mizabibu imevunwa, na kwenye tope kuna nyayo za jirani yake. Nilipofika hapo binti akainua uso.

"Mamdogo, Agosti tope linatoka wapi?"

Mdogo wangu ndiye aliyethubutu kwanza. "Labda walimwagilia."

"Wangemwagilia, ingeandikwa. Humu hamna bomba wala ndoo."

"Kwa hiyo mwizi nani?"

"Hakuna mwizi. Tope amelisema mwenye shamba peke yake. Amevuna mwenyewe, anamsingizia mwenzake. Hiyo ndiyo ghiliba."

Mdogo wangu akagonga sufuria kwa kijiko. "Mwandishi kakamatwa."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesahau tu kuwa Agosti ni kiangazi. Nilijua napaswa kufurahi. Niliitazama furaha hiyo kama mtu anayeona mvua ikinyesha mtaa wa pili.

Baada ya hapo aliongea Jumapili, kisha siku nyingine pia. Sentensi zake ziliota viungo: isipokuwa, hata kama, kwa hiyo. Aliuliza sababu ya kila kitu, hata ya maji kukatika.

"Mjomba wako amechoka," mdogo wangu alilalamika. "Kila neno ushahidi, ushahidi."

"Mjomba alete hata mmoja, basi. Mwenyekiti wa mtaa ananyanyasika."

Tulikwenda Mlali wote watatu mwezi wa sita, siku mbili kabla ya kikao, nami nikiwa na uhakika. Mtoto anaongea, hawatakuwa na la kusema.

Tulikaa uani, kwenye vigoda, makapi ya uwele yakiwa bado yametapakaa chini. Mama yangu, ndiye huyo bibi, alikaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Kaka mkubwa akamuuliza binti anataka kukaa wapi.

"Shikamooni, wajomba. Naomba nieleze kwa mpangilio," alisema. "Kwa mamdogo nasoma na ninacheka. Hilo ni dhahiri, sitaki mtu aseme vingine. Lakini bibi ameliacha shamba la juu. Anasema limechoka. Nimekwenda kuliona, magugu yamenifika kifuani. Shamba lililochoka halioti hivyo. Aliyechoka ni yeye. Na jana nimekuta mlenda umekauka kwenye chungu, haujaguswa. Shule ya hapa inapokea wanaohamia, nimeuliza. Kwa hiyo nitakaa na bibi."

Kaka mkubwa aliwauliza wajomba mmoja mmoja, nao wakaridhia. Zamu ikamfikia yule mdogo wao. Alinitazama kwanza, kisha akamgeukia binti, na nikaona anatafuta tundu kama anavyotafuta Jumapili.

"Chungu si ushahidi. Labda alikula kingine."

"Nilimuuliza. Akasema ameshiba. Nikamuuliza ameshiba nini, akakosa jibu."

Mdogo wangu akamtazama mama yetu. Mama alikuwa akichambua ukindu uliochomoka kwenye mkeka, na mikono yake ilikuwa imekonda kuliko nilivyoikumbuka, ingawa nilikuwa nimeishika asubuhi ile ile kumwamkia.

"Sina swali," mdogo wangu alisema.

"Na wewe, mama mdogo wake?" kaka mkubwa akaniuliza.

Nilikuwa na jambo moja tu la kusema: kwamba namtaka. Nililigeuza huku na huku, na halikuwa na sababu iliyoizidi ya kwake.

"Nakubali," nikasema.

Jioni ile mama yangu alikula. Nilimwona akikata tonge, akachovya, akameza, akakata lingine. Binti wa dada yangu alikaa upande wa pili wa sinia, anamtazama. Mimi niliingia ndani, nikakunja nguo chache alizokuja nazo, nikaziweka kwenye kitanda ambacho dada yangu na mimi tulikuwa tukilalia utotoni.