Karatasi Iliyokosa Muhuri Mwekundu

Masijala ya chuo ilikuwa na dirisha moja tu la kuhudumia wanafunzi, na nyuma ya dirisha hilo, mwaka wa kumi na tisa sasa, alikaa mama mfupi mnene mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Jina lake lilikuwa kwenye mafaili. Midomoni mwa watu aliitwa Mama Muhuri, na wala hakuchukia. Mihuri yote ya ofisi ilikuwa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo aliuficha kifuani, mahali ambapo hata msajili asingethubutu kuutafuta.

Muhuri alioupenda kuliko yote ulikuwa wa wino mwekundu, umeandikwa UNOFFICIAL, neno ambalo pale dirishani walilitamka anofisho. Kila karatasi ya matokeo iliyotoka kabla baraza la mitihani halijakaa na kuyapitisha, ilikula muhuri huo katikati kabisa. Wanafunzi waliuchukia kama ugonjwa.

"Mama, utaniharibia," mmoja alimwambia. "Wakiona anofisho watasema nimeitengeneza chochoroni."

Hapo ndipo Mama Muhuri alipopanda jukwaani. "Njoo karibu nikufundishe bure. Cha chochoroni ni feki. Hiki si feki. Alama ni zako, mwalimu kazileta, mimi nimezichapa kwa vidole hivi. Ila wakubwa hawajazipitisha. Sasa kitu cha kweli ambacho hakijapitishwa, hicho ndicho anofisho. Wewe na mchumba wako mmekubaliana, wazazi hawajaambiwa. Ni uongo? Si uongo. Lakini hebu muite baba yake 'mkwe' mbele za watu uone utakavyoumbuka."

Foleni nzima ilicheka, naye akagonga muhuri wake, pa. Karani wa meza ya pili aliwahi kuteleza ulimi akaita cheti cha kughushi anofisho. Alisutwa mchana kutwa, hadi chai ikamtokea puani.

Sasa sikia alichofanya mwalimu huyo wa neno.

Dada yake mkubwa alikuwa na binti, nyumbani wakimwita Kipusa, aliyesomea kazi za maabara chuoni hapohapo. Hospitali moja ilikuwa inaajiri na muda wa kupeleka maombi ulikuwa unaisha kesho yake. Kipusa akaja dirishani na adabu zake zote. Mama Muhuri akafungua kompyuta, akaona mtoto kafaulu masomo yote, akavimba kichwa. Akachapa karatasi. Akashika muhuri mwekundu, akautazama, akaurudisha kwenye droo. Roho ilimkatalia kumpaka mtoto wa dada yake wino ule ambao kila mtu aliuogopa.

Kipusa hakuwa mjinga. "Mama mdogo, mbona haina ule muhuri?"

"Nyamaza wewe. Ndiyo faida ya kuwa na mtu ofisini."

Baraza lilikaa wiki iliyofuata. Ikabainika mwalimu mmoja alijumlisha alama za vitendo mara mbili, na wanafunzi sita wakarudishwa nyuma. Kipusa alikuwa mmoja wao, ana somo moja la kurudia. Mama Muhuri aliiona orodha. Akajiambia hospitali ina makaratasi mengi, nani atahangaika na moja. Mtu mzima na akili zake.

Simu iliita siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Msajili alikuwa amesimama mezani kwake, anapekua faili.

"Naongea kutoka hospitali, ofisi ya utumishi," ilisema sauti ya mwanamke mpole. "Orodha mliyotutumia inaonyesha binti huyu ana somo la kurudia. Karatasi aliyoleta mwenyewe inaonyesha kafaulu yote, na haina muhuri wowote wa kusema ni ya muda. Ilitoka kwenu?"

Mama Muhuri alimtazama msajili. Msajili naye, kwa bahati mbaya, akainua kichwa.

"Hiyo karatasi siijui," Mama Muhuri akasema kwenye simu.

"Kwa hiyo ni ya kughushi?"

"Mimi nimesema siijui."

Akaweka simu chini. Msajili akauliza kuna nini, akajibiwa watu wamekosea namba. Siku hiyo wanafunzi walipata karatasi zao bila mahubiri, na karani wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa.

Jioni dada yake akapiga, analia. Kipusa kaambiwa ameghushi. Amepewa hadi Alhamisi ajieleze, la sivyo polisi. "Na mtoto kafunga mdomo, hasemi kaipata wapi. Nimembembeleza, nimemgombeza, wapi. Mdogo wangu, wewe uko hukohuko ndani. Hebu niulizie nani kamfanyia mwanangu hivi."

"Nitaulizia, dada," akasema Mama Muhuri.

Aibu iliyompata hapo haikuwa ya mchezo. Alikaa kitandani na simu mkononi, uso unamuwaka, hata mume wake alipomuuliza kulikoni alishindwa kumtazama. Miaka kumi na tisa aliwafundisha watoto wa watu kwamba kisichopitishwa si cha kughushi, na siku mtoto wake mwenyewe alipohitaji maneno hayo, aliyameza. Hakuna aliyemshikia kisu. Msajili tu, na faili lake. Jumanne alijiona mnafiki, Jumatano akajiona mwizi.

Alhamisi aliwahi kazini. Akaandika barua ya kurasa mbili, akaeleza yote tangu siku ya dirishani mpaka simu, akaisaini, akaiweka juu ya meza ya msajili. Kisha akafungua droo, akafunga muhuri mwekundu na kidau chake cha wino ndani ya kitambaa, akatia kwenye mkoba. Kutoa muhuri nje ya ofisi ni kosa, na hilo pia alikuwa ameliandika.

Ofisi ya utumishi ya hospitali ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma. Kipusa alikuwa kwenye benchi la ukutani, magoti pamoja, mikono mapajani. Alimwamkia mama yake mdogo kwa sauti ya chini na kutazama sakafu.

"Naomba niione hiyo karatasi," Mama Muhuri alimwambia afisa, yuleyule wa kwenye simu.

Akapewa. Akaitandaza mezani, akatoa kitambaa, akafungua kidau, akagonga katikati kabisa. Herufi za mwisho zikafifia. Akagonga tena kando yake.

"Hii si ya kughushi," akasema. "Niliichapa mimi. Alama zilikuwa za kweli kwa siku ile, zimeletwa na mwalimu, ila baraza lilikuwa halijazipitisha. Neno hili lilipaswa kuwepo hapa tangu mwanzo. Binti aliniuliza, mimi nikamwambia anyamaze. Mkosaji ni mimi."

Afisa aliivuta karatasi upande wake. "Na Jumatatu kwenye simu?"

"Jumatatu niliogopa kupoteza kazi. Nikamtoa yeye kafara."

Afisa aliandika maelezo hayo yote, akamsainisha. Habari ya polisi akaifuta. Nafasi ya kazi, alisema, haikuwepo tena. Kipusa arudie somo lake, kisha aombe upya kama wengine. Chuo nacho kingeandikiwa barua.

Wakatoka. Kwenye korido Mama Muhuri alitembea nyuma kidogo, yeye ambaye kwa kawaida hutangulia kila mahali.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Lakini mbona hukunitaja? Siku tatu zote hizo. Hata mama yako hukumwambia."

Kipusa alisimama, akamgeukia.

"Ile simu waliiweka spika, mama mdogo. Nilikuwa palepale kwenye benchi. Nikasema moyoni, sasa hivi atawaeleza, maana hakuna anayelijua hilo jambo kama yeye. Nikakusikia unasema huijui." Akavuta pumzi. "Baada ya hapo ningekutaja ili iweje?"

Mama Muhuri alitaka kumshika mkono, akaona vidole vyake vimejaa wino mwekundu, akaurudisha mkono kwenye mkoba.

"Twende nyumbani," Kipusa alisema. "Mama bado anasubiri umwambie ni nani. Kumwambia utamwambia wewe."