Uzi wa Kichwa

Siku niliyoamua kwenda kushona kofia, muuza samaki alipita dirishani akanitolea salamu, na nilipotaka kumjibu sauti haikutoka. Nikakohoa, nikajaribu tena, ikatoka kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na wakati huo ilikuwa inakaribia alasiri. Ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema na mtu. Wala jana yake, nikifikiri vizuri, ukiondoa pale dukani niliposema, "Nipe robo ya sukari."

Nilikuwa nimerudi Wete baada ya kustaafu. Maisha yangu yote ya kazi niliyamalizia Chake Chake, karani wa afisi ya serikali, na kwa muda katikati ya maisha hayo nilikuwa pia mke wa mtu. Hatukujaaliwa mtoto. Akaniacha, akaoa kwingine, akajaaliwa. Sina kinyongo naye. Nasema hivyo kila ninapoulizwa, na siku nyingine huwa ni kweli. Nyumba niliyorudia ni ya wazee wangu, ina vyumba vinne na mimi natumia kimoja. Kaka yangu wa pekee alihamia Tanga tungali vijana, na huko huko akazikwa.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa bibi mmoja mjane ambaye kazi yake ni kushona kofia. Kila baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa humwendea ukumbini kwake na vikoba vyao vya nyuzi na sindano, wakakaa mkekani wakishona mpaka magharibi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikisikia vicheko vyao dirishani, na nilikuwa nikinuna. Mimi ni mtu wa kununa. Nilijiambia kwamba kama wananitaka wataniita. Baadaye nilikuja kujua kwamba na wao walikuwa wakisubiri nije, na kwa kuwa siji, walisema nimekaa afisini mpaka nimejiona.

Basi siku ile, kwa kuogopa ile sauti yangu, nilivaa baibui nikaenda kupiga hodi.

"Karibu," alisema yule bibi bila ya kuinua macho kwenye kazi yake. "Kumbe u mzima weye? Siye twasema karani katufungia mlango."

Wakacheka, nikakaa. Siku nyingi tulikuwa wanne pamoja na mimi: yule bibi, ambaye wote wanamwita Bi Mkubwa; mama mmoja mnene mwenye mwanawe Maskati; na msichana mmoja aliyeposwa na kijana wa kisiwa cha Fundo. Msichana alinipa sindano, na Bi Mkubwa akanitupia kitambaa kibovu cha kujifunzia.

Kofia wanayoshona ni ile ya viua. Unaweka kitambaa cheupe juu ya kitambaa cheupe, unachora maua kwa penseli, unashona mistari ili vishikane, kisha unatoboa tundu kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Kila tundu unalizungushia uzi mpaka likae wazi lenyewe. Hicho ndicho kiua. Kofia moja ina viua visivyohesabika, na ndiyo maana inamla mtu miezi. Nilidhani nitaweza upesi kwa sababu tangu zamani najua kufuma vitambaa vya meza. Sikuweza. Nilikuwa nikivuta uzi kwa nguvu, na tundu linajifunga.

"Wavuta kama wafunga mbuzi," aliniambia Bi Mkubwa. "Kwani chakwenda wapi hicho kiua?"

Nilikasirika, nikafumua, nikavuta tena vile vile. Alinishika mkono, akaulegeza kidole kimoja kimoja, akanionyesha kwamba uzi unaupeleka tu, unauacha ukae, halafu unakwenda mbele. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nakumbuka hilo kuliko nilivyokumbuka somo lenyewe, maana ilimbidi aje kunionyesha tena kesho yake.

Kitambaa kibovu kilipojaa viua vinavyotazamika, alisema, "Haya, sasa lete uzi wa kitwa."

Kwetu kofia ya mkono haikatwi hivi hivi. Unazungusha uzi kichwani kwa mwenye kofia, juu ya masikio, unafunga fundo, na kwa uzi huo ndio unakata kitambaa. Za kuuza zinakwenda kwa namba, kama za dukani. Lakini ya kwanza haiuzwi. Ya kwanza unamshonea mtu wako. Yule msichana aliyeposwa uzi wake aliletewa na wifi yake mtarajiwa, aliyemvizia kaka yake amelala. Mama mnene aliletewa wake na msafiri kutoka Maskati, umeviringwa kwenye karatasi ya chokoleti, na ile karatasi mpaka leo anayo kikobani.

"Wa nani wako?" aliniuliza Bi Mkubwa.

"Nitauleta," nikasema.

Siku kadhaa baada ya hapo sikwenda. Nilikaa nyumbani nikifikiria vichwa. Marehemu baba kofia zake ziligaiwa baada ya maziko, kama inavyofanywa, na mtu hashonewi kofia akiwa kaburini. Mabinamu ninao, lakini binamu anaweza kukuoa, hana kichwa cha kushikwa na mimi. Kumwomba mwanamume mwingine ajipime mwenyewe ndiyo mbaya zaidi. Mwanamke akimwomba mwanamume uzi wa kichwa, mtaa mzima unajua kuna jambo, na kwa umri wangu huu nilimwona kwa mawazo muuza samaki akikimbia na tenga lake. Kichwa pekee cha mwanamume ninachokijua kwa mkono ni cha yule aliyeniacha, na hicho kina mtu wa kukishonea.

Iliniuma. Sikuwahi kujiona sina watu mpaka nilipotakiwa nilete kichwa kimoja tu, katika kisiwa kilichojaa vichwa, nikakikosa.

Nilizungusha uzi kwenye sufuria ninayopikia wali wangu. Ukatoka kipimo cha kofia ya mtoto wa chuo cha Kurani. Nikacheka peke yangu, na kicheko nacho kikanitia huzuni, nikakiacha. Kisha nikavua mtandio, nikasimama mbele ya kioo, nikazungusha uzi kichwani kwangu, juu ya masikio, nikafunga fundo.

Bi Mkubwa aliupokea, akaunyoosha, akalitazama fundo. Halafu akanitazama mimi, kidogo tu, hapa juu ya kipaji cha uso. Akachukua mkasi.

"Kitwa chake si kikubwa," alisema mama mnene. "Yuko wapi mwenyewe?"

"Yupo hapa hapa Wete."

"Wallahi karani ana mtu," alisema msichana, na ukumbi wote ukachangamka.

Sikumkatalia. Kuanzia siku ile nilikuwa na mtu. Kila alasiri waliniuliza habari zake. Nikichelewa, alinichelewesha yeye. Nikivaa kanga mpya, kaninunulia yeye. Walibishana kama ni mvuvi au mtu wa serikali, na mama mnene alishika kwamba lazima ni mwalimu, kwa sababu mie sivumilii mtu asiyejua kusoma. Na niseme kweli, nilipenda. Nilikuwa nikirudi nyumbani na uso wangu ukiwa umechoka kwa kucheka, nafungua mlango, nawasha taa, na hakuna mtu. Zamani nyumba ilikuwa tupu tu. Sasa ilikuwa tupu na kuna mtu asiyekuwamo.

Bi Mkubwa peke yake hakunitania. Kofia yangu alikuwa akiipindua anaitazama kwa ndani.

"Fundo hili litamkwaruza kipaji," aliniambia siku moja. "Fumua."

Akanionyesha jinsi ya kumaliza uzi bila ya fundo. Ncha unaipitisha chini ya viua vitatu vya nyuma, unaikaza kidogo, unaikata pale pale, na upande wa ndani unakuwa laini kama wa nje. Hilo nililipata mara ya kwanza. Nilifumua mafundo yangu yote ya nyuma, na ilinichukua siku nyingi, na kila fundo nililolitoa nilikuwa najua ni kipaji cha nani ninachokihurumia.

Ukaja msimu wa karafuu, wanawake wakaenda kuchuma na kuchambua, ukumbi ukafungwa. Mtaa mzima ulikuwa umeanikwa karafuu juu ya majamvi, hata huna pa kukanyaga. Mimi sina mikarafuu. Ya wazee iliuzwa zamani. Nilishona peke yangu dirishani, na sauti ikaanza tena kukwama asubuhi. Nikawa naikohoa kabla ya kwenda dukani. Kofia ilikuwa inakua mkononi mwangu, safi, viua vyote viko wazi, na nilikuwa naogopa kuimaliza, kwa kuwa kofia ikiisha itatakiwa ivaliwe.

Iliisha tuliporudi mkekani, Idd imekaribia. Bi Mkubwa aliifua ikatoka penseli, akaitia wanga, akaikausha juu ya bakuli. Akanipa mkononi.

"Mvike mwenyewe," alisema. "Usimpe akajivalia. Mvike kwa mkono wako, ndiyo kofia ya kwanza ilivyo."

Nilikwenda nayo nyumbani nimeifunika na mtandio kama mtu aliyeiba. Nilifunga madirisha. Nikavua mtandio, nikakaa mbele ya kioo, nikajivika. Ilinikaa. Haikubana, haikulegea, wala hapakuwa na kitu kilichonikwaruza popote. Nilimwona pale kiooni mzee mmoja wa kiume mwenye macho ya marehemu baba. Nilikaa hivyo hivyo mpaka magharibi ikaadhiniwa. Nikaivua, nikaifunika juu ya ile sufuria yangu isije ikapoteza umbo, na usiku ule sikupika.

Kesho yake walinisubiri.

"Ilimkaa?" aliuliza msichana kabla sijavua viatu.

"Ilimkaa."

"Kasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Ndivyo walivyo," alisema mama mnene. "Wangu mie kanambia kwa simu, 'Imefika.' Basi. Miezi yote ile, 'imefika'."

Wakacheka. Nilijaribu kucheka nao nikashindwa, nikainama kutafuta sindano kikobani, na nadhani nilichukua muda mrefu mno kuitafuta. Nilipoinua uso Bi Mkubwa alikuwa amesogea mpaka karibu yangu. Mkononi alikuwa na kipande cha uzi.

"Ya pili nishonee miye," alisema.

"Weye Bi Mkubwa wavaa kofia?" mama mnene alishangaa.

"Usiku kitwa chanipata baridi. N'nalala peke yangu, nani ataniona?"

Alivua mtandio pale pale, akainamisha kichwa mbele yangu. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zimesukwa mikia miwili myembamba, na ngozi ya kichwa ilionekana katikati. Hakunitazama. Nilijua kwamba tangu siku ya lile fundo la kwanza alikuwa anajua ni kichwa cha nani. Wale wengine nadhani hawakufahamu kitu.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokishika kichwa cha mtu. Nilizungusha uzi juu ya masikio yake, nikaulegeza kidogo kama alivyonifundisha, nikafunga fundo taratibu lisimkwaruze.