Msomaji wa Dirhamu

Watu wa makumbusho walimwita Mama Dirhamu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka nenda miaka rudi alikaa chumba cha nyuma, kioo cha kukuzia mkononi, akisoma maandishi ya Kiarabu kwenye dirhamu, sarafu za fedha za karne za kale. Herufi zenyewe hata nukta hazina! Alizisoma huku akimsema mumewe kwa wifi yake, mpiga picha wa sarafu, naye wifi alicheka wala hakumtetea kaka yake.

Kisha macho yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Kazi ile ndiyo roho yake. Angeambiwa akae nyumbani, angekufa kwa kihoro. Basi akawa anajikongoja kwa kumbukumbu, maana dirhamu nyingi husema yale yale: kwa jina la Mungu, imepigwa dirhamu hii mji fulani, mwaka fulani.

Asubuhi moja aliinamia sarafu ndogo, akaizungusha taratibu, akaanza maneno ya ukingoni: "Bismillahi, imepigwa dirhamu hii..."

"Wifi," mpiga picha akamkatiza, "unasoma wapi? Ukingo wote umekatwa. Wajanja wa zamani waliukata wapate madini ya fedha, hakuna hata herufi moja!"

Mama Dirhamu akapapasa kwa kidole. Patupu. Akalia kama mtoto.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," wifi akasema. "Una kiburi wewe! Inuka twende kwa daktari. Ulizosoma karibuni tutazirudia pamoja, macho yakipona."

Kumbe ni mtoto wa jicho tu. Wifi alimngoja siku ya upasuaji, akampikia, akamtia dawa machoni huku akimtukana kwa mapenzi. Jamani, wangapi wanalalamikia mawifi! Mama Dirhamu alimwombea dua kila alfajiri.

Aliporudi kazini, wifi akamwekea mbele dirhamu nzima, ndiyo kwanza imeletwa. Akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la mji akakwama. Akarudia. 

Wifi akamwinamia. "Huoni?"

"Naona! Naona kila herufi." Machozi yakamtiririka, akamvuta wifi yake kifuani. "Ila mji huu siujui, wifi yangu, haumo hata kwenye kumbukumbu. Alhamdulillahi, siujui kabisa!"